Nilitafsiri Jino, Nikaacha Kikohozi

Chumba cha meno cha kambi yetu kina madirisha mawili. Moja lilipigiliwa misumari tangu kabla sijaanza kuingia humo. La pili linafunguka, na kwa karibu mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa nalifunga.

Sikulifunga kwa ubaya. Ukikaa huku Kigoma wakati wa kiangazi unalijua lile vumbi jekundu: linaingia kwenye unga, kwenye shuka, mpaka ndani ya masikio. Tabibu hataki vumbi litue juu ya vyombo vyake. Halafu kuna watoto. Mtu akipiga kelele ndani, wanajaa dirishani kama wanaangalia sinema, na kesho yake shule nzima inajua nani alilia. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nafunga dirisha, navuta pazia, naita mgonjwa wa kwanza. Nilijiona mtu wa kazi.

Mimi si mganga. Ni mhamasishaji wa vijana: mpira, maigizo, vikundi vya kuongea juu ya usafi na afya. Chumba cha meno niliingizwa na lugha. Tabibu wetu ni Mtanzania, na sisi Wakongo tunaelewana naye kwa Kiswahili, hata kama cha kwetu anakicheka kidogo. Ila wazee wengi waliokuja kutoka Burundi mwaka 2015 wanajua Kirundi tu. Bibi yangu alikuwa muuza samaki kati ya Uvira na Bujumbura, Kirundi kilikuwa lugha ya nyumbani. Basi nikaombwa nisaidie kutafsiri siku mbili kwa wiki, kwa posho ndogo.

Ndani ya chumba tulikuwa watatu: tabibu, mimi, na msaidizi wake, mama mmoja wa kutoka Fizi ambaye kila mtu anamwita Yaya. Yaya ni mkimbizi kama mimi. Yeye ndiye anashika bomba la kunyonya mate, anaosha koleo, anazichemsha kwa mvuke, anapangusa kiti, na mwisho wa siku anadeki. Kama unataka kujua nani anakaa karibu zaidi na mdomo wa mgonjwa, baada ya tabibu ni Yaya. Uso wake unakuwa mbali na mdomo huo kama urefu wa mkono tu.

Siku ninayotaka kusimulia ilikuwa mwezi wa saba. Mzee mmoja aliingia ameshika shavu. Nimemwomba ruhusa ya kusimulia habari hii, na Yaya vilevile, na wote wawili wamekubali, mradi nisiwataje majina.

Mzee alikaa kitini akaongea kwa Kirundi muda mrefu, taratibu, kama wazee wanavyoongea. Tabibu akaniangalia. Nikasema: "Anasema jino la chini upande wa kulia linamuuma siku ya tano leo, usiku halali."

Hayo aliyasema kweli. Lakini alisema na mengine. Alisema kwamba halali kwa sababu mbili: jino, na kikohozi kilichoanza tangu wakati wa mavuno. Alisema akikohoa, jino linapiga kama nyundo. Alisema usiku anatoka jasho mpaka blanketi linaloana. Nilitafsiri jino, nikaacha kikohozi. Nje kulikuwa na watu kumi na wanane kwenye foleni, jenereta lilikuwa na mafuta ya saa chache, na mimi nikaona hapa tunatibu meno, mambo ya kifua ni ya mlango mwingine.

Aibu yangu ni kwamba dalili zile nilikuwa nazijua kwa moyo. Kila mwaka tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, kikundi changu cha maigizo kinacheza mchezo uwanjani. Tarehe hiyo inakumbuka siku ambayo Robert Koch alitangaza kule Berlin, mwaka 1882, kwamba amempata mdudu wa ugonjwa huo. Mimi mwenyewe nacheza muuguzi, nimevaa koti jeupe la kuazima, nasema kwa sauti kubwa: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, homa, kupungua uzito, nenda ukapime makohozi! Watu wanapiga makofi. Miezi minne baada ya makofi hayo, mzee alinitajia dalili mbili uso kwa uso, nikazimeza.

Jino lile lilikuwa limevunjika, mizizi imebaki. Tabibu alipiga sindano ya ganzi, akajaribu koleo, likashindwa. Akawasha mashine ili aigawe mizizi na kuitoa mmoja mmoja.

Mashine ya meno wengi mnaijua kwa mlio wake. Kile kichwa kidogo kinazunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na kwa sababu ya joto lazima kimwagiwe maji muda wote. Maji yakigonga kitu kinachozunguka namna hiyo yanapasuka kuwa moshi wa maji, umechanganyika na mate, damu na unga wa jino. Matone makubwa yanaanguka karibu: kifuani kwa mgonjwa, kwenye miwani ya tabibu, mikononi mwa Yaya. Madogo kabisa hayaanguki. Yanakauka yakiwa bado juu, yanabaki yanaelea.

Siku hiyo nililiona jambo hili kwa macho. Pazia lilikuwa na tundu, na jua la saa nne lilipita hapo kama mshale mpaka juu ya kiti. Ndani ya mshale ule wa jua nikaona ukungu unapanda kutoka mdomoni kwa mzee, unazunguka, unapita mbele ya uso wa Yaya, unaelekea kwenye dirisha nililolifunga, unarudi. Mzee akapaliwa na maji. Akakohoa, mdomo wazi, mara tatu nne, hana nafasi ya kufunika. Yaya alikuwa amevaa barakoa ya kitambaa cha karatasi, ile ya buluu, ya siku ya tatu. Mimi yangu ilikuwa kidevuni, kwa sababu nilikuwa natafsiri.

Sikuwaza kitu. Niliona ukungu, nikaona ni mzuri.

Wiki tano baadaye mzee alilazwa kwa ajili ya kifua, makohozi yakapimwa, ikakutwa ni TB. Watu wa kitengo walikuja kuandika waliokaa naye karibu: mke, wajukuu, majirani. Chumba cha meno hakikuandikwa. Nani angekumbuka? Mimi nilikumbuka, nikanyamaza, nikasema moyoni ilikuwa nusu saa tu.

Kabla mwaka haujaisha, Yaya akaanza kukohoa.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu ni rahisi kusimulia hadithi iliyonyooka kuliko ukweli. Hakuna anayeweza kusema Yaya aliipata wapi. Tunaishi nyumba zimebanana, familia ya watu wanane chumba kimoja. Tunapanga foleni ya mgawo bega kwa bega, tunaimba kanisani tumejaa. Karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa mdudu wa TB, na katika kila mia moja ya hao ni watano mpaka kumi tu wanaougua maishani mwao. Mdudu anaweza kulala mwilini wiki, miezi, hata miaka. Inawezekana Yaya alikuja naye kutoka Fizi. Tena kinachosambaza TB hasa ni kikohozi chenyewe, siyo jino. Mashine inazidisha kwa kumfanya mgonjwa apaliwe na akohoe mdomo wazi, mbele ya watu walioinama juu yake, ndani ya chumba kilichofungwa.

Lakini hata kama siwezi kujua, najua nilichofanya. Nilienda nyumbani kwake.

Alikuwa amekaa nje chini ya mwembe, anachambua maharage. Alikuwa wiki ya tatu ya dawa. Aliniwekea kigoda kwa mbali kidogo, akacheka: "Kaa huko, upepo unatoka kwako." Nikakaa. Nikamwambia yote: mzee, kikohozi, jasho, blanketi, na kwamba alisema na mimi sikutafsiri.

Yaya alitoa mawe matatu kwenye maharage kabla hajajibu.

"Kwa hiyo alisema."

"Alisema, Yaya."

"Na miye nilikuwa nimeshika bomba."

"Ndiyo."

Akanyamaza tena. Halafu akasema: "Mudogo wangu, weye uliacha neno. Ni kosa, sitasema si kosa. Lakini ile barakoa ya maana niliiomba mara ngapi? Dirisha lile lingine limepigwa misumari na nani? Usijibebeshe yote peke yako kama vile weye ni mukubwa sana. Ila usirudie." Kisha akanipa nusu ya maharage nichambue.

Yaya alimeza dawa miezi sita, akapona. Posho yake ya miezi ya mwanzo ilisimama, kwa sababu sisi tunaolipwa posho tukiugua hatuna likizo ya ugonjwa kama ya mwajiriwa. Hilo alilisema mara moja tu, hakulirudia. Mimi nilipimwa, sikukutwa na ugonjwa.

Kuanzia hapo nikaanza kuuliza maswali. Nilimuuliza muuguzi wa kitengo cha TB, nilimuuliza tabibu, nikasoma nilichopata. Nitawaandikia nilichojifunza, kwa sababu wengi tunaingia chumba kama kile: mgonjwa, mkalimani, mama aliyembeba mtoto, mfanya usafi.

La kwanza ni barakoa. Ile ya buluu inazuia matone ya anayeivaa yasiruke mbali, na inazuia michirizi isimpige usoni. Lakini pembeni, kwenye mashavu, ina nafasi, na hewa inapita pale inapoona njia. Kumkinga mtu na chembe zinazoelea inatakiwa ile inayobana uso, N95 au FFP2. N95 inachuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana. Ila isipobana haina maana. Tabibu wetu alikuwa na ndevu anazipenda. Muuguzi alimwambia wazi kwamba ndevu zile ni mlango. Kesho yake alikuja amenyoa, tukamcheka mpaka saa sita, lakini tulimheshimu.

La pili ni dirisha. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi katika hospitali za Lima, nchini Peru, walitoa matokeo ambayo mimi nimeyaandika ukutani kwetu. Walipima hewa inavyobadilika ndani ya vyumba. Vyumba maalumu vyenye mitambo ya kusukuma hewa vilibadilisha hewa yote mara 12 kwa saa. Vyumba vya kawaida, madirisha na milango ikiwa wazi, vilifika mara 28. Na majengo ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalishinda majengo mapya. Kitu ambacho hakina mafuta, hakina fundi, hakina bajeti, kiliushinda mtambo. Na mimi nilikuwa nakifunga kila asubuhi kwa mkono wangu.

Tena hewa inataka muda. Hata chumba kinachobadilisha hewa mara 12 kwa saa kinahitaji kama dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya chembe zilizobaki. Surua ni mbaya zaidi: kirusi chake kinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Kwa hiyo kumwita mgonjwa wa pili wakati kiti bado cha moto, kama nilivyokuwa nafanya ili foleni iishe, ni kumwambia aje avute pumzi ya aliyetangulia.

La tatu lilinishangaza kuliko yote. Mwezi wa nane 2020, wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa vyumba vya meno: punguzeni kazi zinazorusha ukungu, tumieni vyombo vya mkono inapowezekana. Njia moja ya namna hiyo inaitwa ART. Tabibu anakwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kisha anaziba kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe na kuachia floraidi kidogo kidogo. Haihitaji umeme, haina mashine, mara nyingi hata sindano haitakiwi. Na njia hiyo ilianzia wapi? Hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake, kwa ajili ya sehemu ambazo umeme haufiki. Sisi tulikuwa tunachoma mafuta ya jenereta ili tutoboe hata matundu madogo ya meno ya watoto, kumbe dawa ya sehemu kama yetu ilibuniwa nchi hii kabla mimi sijazaliwa.

Si kila kazi inawezekana kwa mkono. Mizizi ya yule mzee ilitaka mashine. Lakini tabibu anasema matundu mengi ya watoto tunaowaleta hayaitaki. Na watoto wenyewe, wasiposikia ule mlio, hawalii sana. Wale wa dirishani wamekosa sinema.

Leo chumba kinaenda hivi. Misumari ya dirisha la pili tuliing'oa wenyewe, kwa nyundo ya fundi baiskeli. Kiti kilisogezwa ili upepo umpitie tabibu kwanza, halafu mgonjwa, halafu utoke nje, badala ya kumpitia mgonjwa na kumwishia Yaya usoni. Chini ya dirisha tulipanda uzio wa matete ili watoto wasichungulie na vumbi lipungue. Foleni inakaa nje chini ya mti. Aliye na kikohozi cha wiki mbili anapelekwa kwanza kupima makohozi. Kama jino lake haliwezi kusubiri, anawekwa wa mwisho, madirisha wazi, walio ndani wamevaa N95, na mashine haiwashwi mpaka iwe lazima kabisa. Kazi za mashine zote zinafanywa mwisho wa siku. Baada yake chumba kinaachwa kipumue.

Yaliyobaki hatuyawezi wenyewe, na hapa naongea na ninyi mnaosoma kijarida hiki mkiwa ofisini. Kuna wiki N95 zinakuja mbili, kwa tabibu. Yaya haimo kwenye hesabu, mkalimani hayumo, anayedeki hayumo. Najua pesa zimepungua, mgawo wa chakula wenyewe tumeuona unavyopungua, sisi si watoto. Lakini mkiandika orodha ya watumishi wa kukingwa, msiandike kwa vyeo. Andikeni kwa kuhesabu pua zilizomo chumbani. Na mtu wa posho akiugua kwa sababu ya kazi, posho yake isikatwe mwezi ule ule anaohitaji kula vizuri ili dawa isimwangushe.

Na kwenu vijana wenzangu mnaotafsiri: tafsirini yote. Usichague. Mgonjwa hajui lipi ni la muhimu, wewe hujui lipi ni la muhimu, ndiyo maana kuna tabibu. Neno unaloona ni la kupoteza muda linaweza kuwa ndilo lililomleta.

Mzee alirudi mwaka uliofuata, ameshamaliza dawa, amenenepa kidogo. Safari hii lilikuwa jino la juu. Nilimpokea mlangoni na maswali manne ninayomuuliza kila mtu sasa, kwa Kiswahili au kwa Kirundi: kikohozi, jasho, homa, uzito. Akacheka, akasema hayo mbona alinijibu siku nyingi kabla sijamuuliza.

Sikuwa na la kusema. Nikamwambia tabibu kwa Kiswahili vilevile alivyosema, neno kwa neno, na Yaya akiwa amesimama pale na bomba mkononi.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, upepo unaingia moja kwa moja. Mzee akakaa kitini, akajikunja, akaniomba nifunge dirisha. Yaya akavua kitenge chake cha mabegani, akamfunika nacho magoti.

"Mwambie dirisha hatufungi," alisema.

Nikamwambia.